Chanzo cha Nishati

Jumapili ya Novemba, Glasgow, ghorofa ya tatu,
saa kumi jioni na jua limeshafunga duka.
Mita ya umeme ukutani inahesabu kurudi nyuma:
pauni moja na peni themanini.
Shumi amemwaga mali zake juu ya meza ya kulia:
boksi la biskuti lenye harufu ya siagi bado,
sumaku nne nyeusi, nzito kuliko zinavyoonekana,
kibalbu mfano wa punje ya hindi,
waya ya shaba, rangi na wembamba wa nywele za mwalimu wake,
na sindano ya kufumia, mkopo wa Bi Morag wa chini,
aliyesema: irudi salama,
nina soksi ya mguu mmoja inaningoja.

"Jenereta," anasema. "Tunapeleka Ijumaa."
Mimi nina zamu saa nne usiku,
mabasi arobaini na mbili yananisubiri gereji
na matapishi ya wikiendi.
Lakini mtoto akikuita mezani, huulizi saa.

Tukazungusha waya kwenye boksi.
Mizunguko mia mbili, karatasi ya shule inasema.
Nilihesabu kwa Kibajuni, yeye kwa Kiingereza,
tukapotezana kwenye sabini,
tukabishana, tukasuluhishana themanini.
Kwa hiyo huenda ni mia mbili na kumi. Huenda mia na tisini.
Shaba haikulalamika.

Kisha sindano katikati, sumaku zikaikumbatia,
mbili huku, mbili kule, kwa pupa,
zikanibana ngozi ya kidole.
Nikazungusha.
Nikazungusha tena.
Kibalbu kikanitazama kama ofisa wa uhamiaji.

Shumi hakusema kitu. Alishika ncha ya waya,
akaisogeza karibu na jicho,
akaisoma karatasi upya, midomo ikichezacheza.
"Baba, imepakwa rangi. Huioni, lakini ipo.
Umeme hauwezi kutoka."
Nikacheka. Kumbe nchi hii hata waya inavaa koti!
Nikaleta kisu cha vitunguu,
nikazivua ncha zote mbili taratibu,
kama unavyomvua viatu mtoto aliyelala,
mpaka shaba ikajitokeza, nyekundu, inaona haya.

"Zima taa," akasema.

Nikazungusha kwa mkono ule ule wa ufagio,
haraka, haraka zaidi, sindano ikilia kwenye kadibodi,
na kikawaka. Nisikudanganye:
si mwanga wa kusomea barua.
Wekundu tu, kama sigara ya mtu aliye mbali,
ukipanda na kushuka na pumzi yangu.
Nusu ya uso wa Shumi ikaonekana. Pua. Pengo la jino.
Nilipochoka, tukapoteana.

Gizani akanieleza, kwa sauti ya mwalimu wake,
kwamba nishati haiumbwi wala haifi,
inabadili nguo tu:
wali wa mchana umekuwa mkono,
mkono umekuwa mwendo, mwendo umeme,
umeme ndio huo uliouona.
Nikauliza, nikidhani natania:
"Na miaka yangu tisa ya kuosha mabasi, imekuwa nini?"
Akafikiri. Nilisikia friji ikifikiri pamoja naye.
"Joto," akasema. "Nyingi huishia joto.
Linatoka tu, linaenda hewani."
Na mji huu, kwa baridi yake yote,
haujawahi kuniambia asante.

Ijumaa alirudi na boksi limebonyea kona.
Kuna mtoto alileta kinu cha upepo cha rangi tatu, kikashinda.
Sindano ilishuka chini imepinda kidogo;
Bi Morag akaigeuzageuza, akaendelea kufuma hivyo hivyo.
Bango nimelibandika juu ya mita:
mishale, wino wa zambarau, alama ya kidole chenye siagi.
Tazama kisanduku cha kwanza, kabla ya mishale yote.
Wenzake waliandika jua, upepo, betri.
Yeye ameandika kwa Kiswahili, na mwalimu hakusahihisha:
CHANZO: BABA (akishakula).