Bado

Kila Jumanne ya pili napanda Newala
na kikapu: kioo cha mkono, mirija, mshumaa,
unyoya wa kanga, biskuti za glukosi,
na kadi hamsini nilizochora mwenyewe.
Watoto wamekubaliana kuwa ng'ombe wangu ni mbwa.

Mlinzi huniandika kitabuni: Dokta wa Ulimi.
Nimeacha kumsahihisha.
Mtaalamu wa tiba ya matamshi na lugha:
cheo changu kina maneno saba,
na kazi yangu, wiki nyingi, haina hata moja.

Mwezi wa sita, ukungu hutoka bonde la Ruvuma,
ukapanda, ukaingia darasani kabla ya mwalimu,
ukakalia madawati bila kuitwa jina.
Watoto kumi na wanne. Masweta mawili.

Chilumba ana miaka tisa, hajatamka kitu.
Bibi yake alishampeleka akakatwa kimeo.
Jirani akashauri ulimi wa mbuzi;
akala, akaramba vidole,
akabaki kimya vilevile, ila sasa anajua nyama nzuri.
Mama yake, Somoe, hubangua korosho.
Alimshika kidevu kwa vidole vilivyoungua mafuta ya maganda
akaniambia: "Mfundishe aseme mama. Hilo tu.
Mengine atayaokota mwenyewe."

Sikuahidi.
Neno huanzia mbali na neno:
kwenye kutafuna, kumeza mate,
kungoja zamu, kutazamana bila kukimbiana.
Tunapuliza unyoya. Tunazima mshumaa.
Tunabana midomo kama waliolamba ukwaju.
Naweka kiganja chake kooni kwangu
awasikie nyuki waliomo: mmmm.
Namsogezea kioo kinywani: p, p.
Kikipata ukungu, pumzi imefika.
Kikapata ukungu!
Lakini huu ni mwezi wa sita,
na Newala nzima hakuna kioo kikavu.

"Ameongea?" Mwalimu Nandonde, mlangoni.
"Bado."
"Ameongea?" Somoe, kengele ikilia.
"Bado."
Fomu ya halmashauri, safu ya saba, idadi ya maneno:
niliandika bado, wakairudisha, wanataka tarakimu.
Nikaandika sifuri,
nikaiona imeachama kama kinywa.

Nani alijua kuwa anasikiliza?
Mwaka mzima neno lile lilipita juu ya kichwa chake
kama chumvi wanayopitishiana watu wazima mezani.

Jumanne iliyopita, saa sita kasoro,
nikaanza kukusanya vitu: mshumaa, mirija, unyoya.
Nilipofikia kioo, akakishika.
Hakulia. Alibana midomo hadi kidevu kikatetemeka,
kisha akaiachia:

"Ba-o."

"Bao!" Mwalimu Nandonde akaruka. "Anataka mpira!"
Akatimka stoo, viatu vikimvuka,
na darasa zima likashangilia
bao ambalo hakuna aliyelifunga.

Chilumba hakuutazama mpira.
Alinitazama mimi, mkono ungali juu ya kioo,
akarudia taratibu, akinikatia vipande,
hasa kama ninavyomsemesha yeye:
Ba.
O.

D ilidondoka njiani.
D ni ya ncha ya ulimi, tutairudia mwezi wa nane.
Lakini nilisikia. Bado.
Usifunge kikapu. Hatujamaliza.
Nikakaa chini, nikatoa unyoya, nikatoa mshumaa,
kiberiti kikanigomea mara tatu.

Somoe alipofika, kanga yake inanuka moshi wa korosho,
aliuliza lile lile, hata hakungoja kuvuka kizingiti:
"Ameongea?"

Nikafumbua kinywa kumjibu
nikakuta neno langu halimo,
keshalichukua mwanawe.