Ukurasa wa Tatu

Tulihitaji watu mia na ishirini.
Siku ya nne nilikuwa na kumi na mmoja,
na mmoja kati yao alifuata soda.

Nilizunguka Simbo na begi la chuo,
nembo yake imeanza kubanduka,
mashine ya presha, mpira umezibwa kwa plasta,
na fomu za ridhaa, kurasa tano tano,
Kiswahili chake kimepigwa pasi Dar es Salaam
hadi hakina mkunjo wa kumshika mtu.

"Mshiriki atakuwa huru," nasoma,
Bwana Bitababaje ananikatiza:
"Huru nilikuwa kabla hujabisha hodi."
Wengine wakauliza damu tunamuuzia nani.
Nikasema hatutoi damu, tunapima na kuuliza tu.
"Kuuliza ndiko kunakotoa damu,"
akajibu mmoja, akafunga mlango polepole,
kwa adabu.

Domitila Ntamagiro nilimkuta nyuma ya nyumba
anakoroga chikichi kwenye pipa,
mikono myekundu hadi viwikoni.
Hakuniambia nikae. Hakuniambia niondoke.
Nikasoma nimesimama, moshi ukinitoa machozi,
ukurasa wa kwanza, wa pili,
naye anakoroga.

Ukurasa wa tatu:
*Unaweza kujiondoa wakati wowote,
bila kutoa sababu,
bila adhabu yoyote.*

Mwiko ukasimama.
"Rudia."
Nikarudia.
"Rudia hapo pa adhabu."

Wakati wowote?
Wakati wowote, mama.
Hata katikati ya swali?
Hata katikati ya neno.
Na sababu sidaiwi?
Hudaiwi.

Alicheka, mdomo haukufunguka.
"Miaka thelathini na miwili nipo mahali,
na siku naingia walisoma mengi,
mahari walihesabu mbuzi kwa mbuzi.
Huo ukurasa
hakuna aliyenisomea."

Mwongozo unasema: mshiriki akitoka nje ya mada,
mrudishe kwa upole.
Sikumrudisha. Mafuta yalichemka, tukayasikiliza.

Kidau cha wino kilikuwa kimekauka.
Akasema dole gumba analo, na rangi anayo,
akabonyeza.
Mawese yakapenya karatasi zote tano.

Presha: mia moja sitini na nane kwa mia moja na nne.
Nikamwambia aende zahanati, leo, si kesho.
Akaitazama namba kama bei ya kitu
alichokwisha kulipia.

Swali la kumi na nne,
*Je, wiki mbili zilizopita umelia bila sababu?*
"Hapo najiondoa."
Nikachora mstari, kama nilivyofundishwa.
Akanyamaza kidogo, akanyoosha mgongo,
mtu aliyejaribisha kiatu dukani
na kupiga hatua mbili.
"Sasa narudi. Kurudi kunaruhusiwa?"
Fomu haisemi.
Nikasema kunaruhusiwa, kwa dhamana yangu mwenyewe.
"Basi andika: nimelia. Sababu ipo.
Swali lako ndilo halina pa kuiweka."

Kesho yake walikuja wanawake tisa,
keshokutwa kumi na saba, wengine kutoka Kasuku.
Sabuni ya zawadi hawakuiulizia.
Walitaka kusomewa ukurasa wa tatu,
na kila nilipofika kwenye adhabu
kulikuwa na mtu wa kusema rudia.

Ripoti iliandika: mwitikio ulikuwa mzuri
kutokana na uhamasishaji wa jamii.

Fomu ya Domitila ilirudishwa.
Alama haikubaliki, apate wino.
Niliinua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha;
mafuta yalikuwa yameufanya uonekane mpaka ng'ambo,
maneno yale yanasomeka pande zote mbili.

Nilirudi Simbo mwezi wa sita.
Pipa limefudikizwa, kuku amelala juu yake.
Mume mlangoni, anatafuna kitu kisichoisha.
"Kaondoka," akasema. "Hakutoa sababu."

Kitabu cha ufuatiliaji kina visanduku vitatu:
amehama, amefariki, hakupatikana.
Nikakaa juu ya begi, kando ya barabara ya Kasulu,
kalamu mkononi,
malori yakipita na chumvi ya Uvinza.