Jibu kwa Wakili

Bwana Wakili, barua yako imefika kwa rejista.
Niliisaini kaunta ya posta ya Webuye
vidole vikiwa bado na unga wa chaki.
Wasema nimeiba mtu.
Wasema Naliaka, wa sura ya kumi na moja,
ni mali ya kampuni iliyoko Nairobi,
nami, mwalimu wa kidato cha pili,
sina ruhusa ya kumtoa majini.

Ni kweli, nilimtoa.
Ukurasa wa mia na nne anateleza pale Nabuyole,
Nzoia inambeba, na sura inakwisha kwa nukta.
Nukta, bwana! Hata leso yake haikutafutwa.
Ukigeuza ukurasa, ni harusi ya mtu mwingine.
Darasa zima lilinitazama
kana kwamba mimi ndiye niliyemsukuma.
Wafubwa, aliyekuwa kimya tangu Januari,
akainua mkono:
"Mwalimu, je, angeshika mzizi?"

Basi akashika mzizi.
Usiku huo, kwenye daftari la hesabu,
nikampa mkuyu ulioinama,
kisha cherehani ya kukopa mjini Kimilili,
mume, ambaye nilimwondoa upesi,
na mtoto mwenye kigugumizi.
Madaftari yakawa matano, ya sita nikalianza.
Yalifika hadi Chwele, yakarudi na madoa ya mafuta,
na pambizoni, kwa penseli ya nani sijui:
*asife tena tafadhali*.

Sikuuza hata ukurasa. Liandike hilo.
Jina la mwenye kitabu liko juu ya kila jalada,
langu liko chini, dogo, kama la mpagazi.
Kwetu ukizimikiwa na moto waomba kaa kwa jirani
na jiko lake halipoi.
Utanijibu: kuni za jirani zilinunuliwa.
Haya. Hapo umenishika.

Lakini si wewe uliyenyamazisha kalamu yangu.
Nyuma ya vifungu vyako palikuwa na kikaratasi,
mwandiko wa mkono unaotetemeka.
Sidhani ulikiona. Ni Bi Rispa mwenyewe:

"Mwalimu, Naliaka alikuwa dada yangu.
Nilichobadilisha ni jina tu. Hapakuwa na mzizi.
Kila unapomwokoa
mimi naulizwa nilikuwa nimesimama wapi."

Wiki mbili nimekaa na maneno hayo.
Nimeisoma sheria yako mara tatu;
inajua faini, inajua nakala,
haina mahali pa mtu aliyesimama ukingoni.

Na upande wa pili wa kikaratasi,
kwa wino tofauti, labda siku nyingine:

"Yachome yote.
Ila kwanza niletee, nijue
kama yule mtoto alikuja kusema vizuri."

Jumamosi nakwenda kwake Kitale,
madaftari ndani ya gunia la sukari.
Ukitaka kunishtaki, nivumilie hadi Jumatatu.
Leo ni Alhamisi, taa ina betri,
mtoto amefungua kinywa,
na la sita halijaisha.