Dirisha la Jikoni

Saa nane usiku Bogna hakohoi, anabweka,
mbwa mdogo kwenye kitanda cha mbao.
Mama yake yuko zamu, anafua mashuka ya hospitali,
na mashine yetu ya kufulia inatema maji
hadi ndani ya viatu vyangu.

Daktari kwenye simu: mpeleke penye hewa baridi.
Bibi Jadwiga mlangoni, na kandambili zake: baridi itamuua!
Nimsikilize nani? Friji imekufa tangu Jumatatu,
maziwa tumeyalaza kibarazani, yamekuwa jiwe.

Limebaki dirisha la jikoni,
lile lisilofungika tangu Oktoba,
nililoliziba kwa soksi na magazeti ya Łódź,
nililolitukana kila asubuhi.

Nachomoa soksi moja. Nyingine.
Januari inaingia bila hodi.
Namviringisha blanketini, pua tu nje,
kifua chake kinapiga filimbi mkononi mwangu,
kinapiga,
kisha filimbi inashuka, inashuka.

"Baba," asema, miaka miwili na miezi miwili,
"soksi."

Ipo begani mwangu, sijui imefikaje.
Maji nayo yamefika sebuleni.
Yasubiri.