Herufi T

Mihayo wa maabara ya Kitete kapita kwangu Ipuli,
kanikuta na spika za masikioni, narudisha nyuma sekunde nne
kwa mara ya kumi na moja.
"Wafanya nini?"
"Nanukuu."
Akacheka: "Na seli zako zinanukuu sasa hivi,
wala hazidai malipo kwa ukurasa."

Akageuza risiti ya luku, akachora:
vinasaba havitoki ndani ya kiini,
kama hati ya kiwanja isivyotoka kabatini.
Kinachotumwa nje ni nakala,
na kila penye T, nakala inaandika U.
"Ukiinukuu Tabora, utapata Uabora."
Si kosa?
"Si kosa. Ndiyo kanuni."

Akaenda zake. Nikarudi kwa Bibi Kalunde,
anayeeleza michembe na matobolwa,
kipi huchemshwa kwanza, kipi huanikwa kibichi.
Kuna neno la Kinyamwezi kalitamka mara mbili,
likapanda, kisha likashuka:
vitu viwili, havijuani.
Kwenye karatasi yangu ni Kulwa na Doto,
hata aliyewazaa angewachanganya.
Mwenye kazi ameagiza: vikohozi viachwe.
Nimeviacha vitatu.
Cha tatu kilikuwa jibu
alipoulizwa kuhusu kitinda mimba wake.

Mwishoni anaimba, sauti inakwaruza
kama sufuria ikisuguliwa kwa mchanga.
Hapo nikashindwa, nikampelekea mwalimu Kashindye wa kwaya.
Akasikiliza macho kayafumba, akaandika d, m, s,
s, l,
kalamu ikasimama hewani.
"Bibi huyu kaipita la,
lakini ti hajaifika. Amekaa kizingitini."
Akaandika t. Akaifuta. Akaiandika tena,
akaiwekea alama ya kuuliza kwa penseli.
"Kwaya yangu itaimba ti safi," akasema,
kama mtu anayeomba radhi.

Usiku, umeme umerudi, namalizia.
Nyuma ya sauti yake garimoshi linapiga honi
na hakuna aliyeniambia honi nayo iandikwe vipi.
Sentensi ya mwisho anataja alikozaliwa.
Fomu ya mwenye kazi ilishajazwa: Tabora.
Yeye hasemi Tabora. Anasema Unyanyembe,
taratibu, silabi kwa silabi,
kama anayenisubiri niandike.

Nimefuta T.
Nimeandika U.