Mfasiri wa Makole

Saa mbili asubuhi nafungua grili,
nafagia vumbi la Dodoma lisilofagilika,
nachemsha maji.
Daktari Liang hanywi chai yetu, anasema sukari yake inaua;
mimi sinywi yake, ina ladha ya majani yaliyosahauliwa mfukoni.
Hapo tuko sawa.

Kazi yangu ni maneno.
Mgonjwa akisema mgongo unawaka moto,
nampelekea Liang moto huo kwa lugha yake,
naye ananirudishia upepo, unyevu, figo iliyopoa,
nami nageuza tena,
na mheshimiwa analala kifudifudi, sindano kumi na nne mgongoni,
kama nungunungu aliyepandishwa cheo.

Wanakuja kutoka Mtumba na magari ya vioo vyeusi.
Huyu wa leo, simtaji,
mwezi wa nne alifika kwetu Kigwe na kipaza sauti
akatuambia tuachane na mizizi, tuachane na giza.
Bibi yangu Mbeleje alikuwa mbele kabisa,
amekalia kiroba cha mizizi yenyewe.
Fomu yake ya usajili ina mwaka wa tatu ofisini:
kwanza ilikosa picha, kisha mhuri,
kisha ikakosekana yenyewe.
Mzizi wa Liang una kisanduku, una mhuri, una tarehe ya kufa.
Wa bibi una udongo.

Sisemi Liang ni mwongo.
Bega la mama mdogo Foibe, lililogoma tangu mavuno ya uwele,
lilinyanyuka hapa, kwenye kitanda hiki,
na hakutozwa hata senti.

Jana aliingia mama mmoja, mkufu wa dhahabu, uso wa karatasi.
Tangu nijifungue, alisema, damu imeniishia.
Liang akainama kwenye kabati la chini,
akatoa kisanduku chekundu; ndani, vipande vyeusi
vinang'aa kama kioo cha simu iliyozimwa.
Mweleze, akasema. Mama yangu alikunywa hii aliponizaa.
Sauti yake ilishuka alipofika kwenye mama.

Nikatafuta neno.
Kichina lipo, herufi mbili tu.
Kigogo lipo nusu: ndogowe.
Ndogowe wetu aliitwa Sabuni, kwa weupe wa tumbo lake.
Madumu manne kutoka kisimani, wakati wa ukame mara mbili kwa siku,
na hakuwahi kuuliza kisima kimehamia wapi.
Usiku mmoja zizi likakutwa wazi.
Tulimpata siku ya pili, mbugani huko Bahi:
nyama yote ipo. Kwato zipo.
Hata fisi walikuwa hawajaamini.
Sasa mama hubeba dumu moja moja, kichwani.

Lakini nami, nikiwa na miaka mitatu, nilibanwa na kifaduro,
na bibi akaninywesha maziwa ya punda,
kijiko asubuhi, kijiko jioni.
Nilimkumbusha hilo siku tuliyomfukia Sabuni,
nikijitia kutenda haki kwa kila upande.
Akatema ugoro.
Yule alikupa, akasema, akabaki na nguo zake.

"Anasemaje daktari?" aliuliza mama wa mkufu.
Nje, ndani ya gari, mtoto alikuwa analia na yaya anambembeleza.
Bei imeandikwa ubavuni mwa kisanduku: laki mbili na nusu.
Kuna marufuku, lakini marufuku haina ubavu wa kuandikwa.

"Ni gundi," nikasema.
"Gundi ya nini?"
Na ulimi wangu, unaolipwa kwa mwezi,
ukalitoa jina ambalo hakuna aliyeliomba:
"Sabuni."

Akacheka mpaka rangi ikamrudia kidogo.
"Sabuni inanywewa?"

Liang anajua maneno kama mia mbili ya Kiswahili,
na hilo ni la kwanza aliloniuliza, siku aliyofika, akinionyesha sinki.
Hakucheka.
Aliitazama mikono yangu,
kisha yake,
wakati yule mama anatafuta namba ya siri ya simu
alipie viwili.