Ukuta wa Bi Glenys

Katalogi imefika na mvua,
kurasa zimegandana kama chapati za jana.
Rangi arobaini, kila moja na namba yake tu,
kama wafungwa.
Nikazipa majina pale mezani, chai ikipoa:
hii majivu, hii majivu ya juzi,
hii ugoro, hii maji ya kunde,
hii, njoo uone, Mhina, damu ya mzee,
na hii ya kona ya chini, bizari.

Mhina hakuinua macho. "Majivu," akasema.
"Mtaa mzima ni majivu."

Namjua. Hajaisahau nyumba ya kwanza, ile ya kupanga,
asubuhi ya maandishi mlangoni,
tulivyosugua kwa brashi ya choo na sabuni ya unga
hadi maneno yakatoka,
na pale yalipotoka pakabaki peupe kuliko kwingine,
kila apitaye akisoma usafi wetu.

Fundi anaitwa Gethin. Ana vumbi kwenye nyusi.
Aligongagonga ukuta wa mbele kwa mpini wa nyundo,
akisikiliza kama daktari kifuani:
hapa pazima, hapa pamevimba, hapa pana hewa.
Vijiwe vya zamani vikamwagikia maua.
"Hii si rangi ya kupaka," akatuambia.
"Imo ndani ya lipu yenyewe. Ukiikwaruza, rangi.
Ukiitoboa, rangi. Miaka ishirini na tano.
Msichague mkiwa na hasira."

Akatupigia viraba sita nyuma, karibu na mapipa ya taka.
Tukawa tunavijulia hali.
Jua la Jumanne, dakika kumi, liliifanya bizari ipige kelele;
mvua ikainyamazisha.
Majivu, yalipolowa, yakawa lami.
Sikudhani akaweka mkono wake juu ya maji ya kunde,
akacheka: "Mama, nimepotea!"
Usiku Mhina alitoka na tochi akidhani nimelala,
akamulika kimoja, akamulika kingine,
akarudi kitandani na nyayo za barafu,
asiseme neno.

Wiki ya tatu Gethin akapiga simu, anataka jibu.
"Na hata hivyo," akasema, "nyinyi mtakuwa ndani.
Anayeishi na ukuta ni wa ng'ambo."

Sikuwa nimelifikiria hilo.
Nyumba yetu. Ukuta wa Bi Glenys.

Nikavuka barabara, kadi ya rangi ndani ya mfuko wa nailoni.
Ana miaka themanini na mitatu, nyonga ya chuma,
na kiti alichokigeuzia dirisha,
televisheni ikizungumza na kisogo chake.
Akavaa miwani, akaivua, akavaa nyingine.
Nikangoja aseme majivu.
Tabasamu la kukubali nilikuwa nalo tayari.
"Mwanangu," akasema, "Swansea, Novemba ni ndefu."
Na kidole chake, kilichopinda kama tangawizi,
kikatua kwenye bizari.

Nilimkuta Mhina anamenya viazi. Nikamwambia.
Kimya. Ganda moja refu, halikatiki.
"Itachafuka."
"Itachafuka."
"Upande wa kaskazini utaota ukungu wa kijani."
"Utaota."
"Haya."

Jukwaa liliondolewa wiki iliyopita.
Leo nimevuka tena, nimekalia mkono wa kiti cha Bi Glenys,
na chai yake isiyo na sukari wala kiungo.
Mvua ile ile. Ghuba haionekani, mnara wa kanisa hauonekani,
na kule, kati ya majivu na majivu,
mtu kama amesahau kuzima taa.

Mlango unafunguka. Mhina, na mfuko wa taka.
Anautupa. Haingii ndani.
Anakwenda kinyumenyume hadi katikati ya barabara,
kandambili miguuni, kichwa wazi,
anaangalia juu.

Ninataka kugonga kioo. Bi Glenys ananishika mkono.
"Mwache," ananong'ona.
"Kila siku, saa hizi."